Robo ya Nne ya Mwaka

Nililipa malipo ya kwanza mwezi ule Kemunto alipoota jino.
Kiwanda kiliandika: itatoka robo ya nne ya mwaka.
Hakikusema mwaka gani,
nami, mhasibu mzima, sikuuliza.

Chumba cha nyuma hapa Buruburu
kuna meza ya mbao nyepesi, futi nane kwa tatu,
na juu yake stesheni ya Limuru niliyoikata kwa pakiti za maziwa:
paa jekundu, tangi la maji, miti ya sifongo,
ukungu wa pamba niliouchambua kwa kibano.
Reli zimelazwa. Upana wake ni kucha ya kidole gumba.
Abiria kumi na wawili wa udongo
wanatazama upande mmoja,
upande ambao injini itatokea.

Kwanza ilikuwa rangi. Wekundu haukuwa wekundu wenyewe.
Kisha kalibu ilipasuka.
Kisha kiwanda kikahama mji, na mji ule ukafunga kwa sikukuu,
kisha mota, kisha meli, kisha ugonjwa uliofunga dunia,
na katikati ya hayo picha moja:
injini ya kijivu, haina rangi, haina magurudumu ya mbele,
kama kuku aliyenyonyolewa.
Niliichapisha nikaibandika ukutani
kama watu wanavyobandika picha ya mtoto aliye ng'ambo.

Wakati huohuo reli ya kweli ilitoka Mombasa.
Ilikata vilima, ikapita mbugani juu ya nguzo,
ikafika Syokimau na wahudumu wenye kofia.
Yangu mimi inaenea kwenye sanduku la viatu
na bado.

Nyaboke haulizi tena. Hupiga pasi juu ya Limuru,
akisogeza milima taratibu,
na siku moja nilikuta sketi ya shule imeanikwa kwenye mlingoti wa ishara.
"Treni ikija nitaitoa," akasema.
Sketi ile sasa haimtoshi mtu humu ndani.

Shiundu ndiye niliyemwahidi. Miaka thelathini karakana ya reli,
akigonga boila kwa nyundo na kusikiliza.
Alisema: ikifika niite, nitahesabu ribiti,
wale huzipunguza wakidhani hatuoni.
Sasa mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili.
Juzi nilimpelekea habari Makongeni: wameahirisha tena.
Akacheka, akanyoosha mikono yenye makovu ya mvuke.
"Kawia ufike. Nitazihesabu kwa vidole."
Sikumwambia kwamba kwa kipimo kile
ribiti ni ndogo kuliko chembe ya chumvi.

Wahenga walisema subira huvuta heri.
Hawakusema huivuta kwa injini gani.

Kemunto ana miaka kumi na mmoja.
Jumamosi tunafuta vumbi pamoja, kwa brashi ya wanja ya mama yake.
Ni yeye aliyesema hawa watu wana njaa.
Akafinyanga mama wa mandazi na karai la ukubwa wa dengu.
Juma lililofuata kinyozi. Kisha fundi viatu, benchi,
mbuzi wanne, mhubiri mwenye kipaza sauti cha kichwa cha kiberiti,
kibanda cha M-Pesa, kijani, kipana kama stempu.
Abiria wangu wa zamani amewageuza nyuso:
wawili wanapiga soga, mmoja ananyolewa.
Hakuna anayetazama mwisho wa reli
ila yule mwenye koti, ambaye gundi yake ilishika mno.

Jana usiku barua imekuja. Robo ya nne ya mwaka,
na safari hii, wanasema, kwa hakika.
Niliisoma mara mbili, nikaenda chumba cha nyuma, nikawasha taa.
Mbuzi wamelala katikati ya njia.
Nikafungua daftari, chini ya salio ninalodaiwa,
nikaandika: filimbi.
Ikifika, ijaribiwe kwanza filimbi.